Waya ya Ignishen Si Waya ya Spika

Wasee, leo sina utani mwingi. Naandika hii nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hiyo hasira inanihusu mimi mwenyewe. Mtaelewa nikifika huko.

Kuna sentensi moja ningependa tuizike katika nchi hii: "Bosi, hiyo ni shida ndogo, tunaongeza tu waya."

Umeisikia. Labda ufunguo ulikuwa unakwama ukataka swichi ya ignishen itolewe kwa usukani iletwe kwa dashibodi. Labda uliwekewa traka, alamu, ama katauti, ile swichi ya siri ya kuzima injini ili mwizi asiende na gari. Labda injini ilibadilishwa na sasa koili iko upande ule mwingine, waya haifiki. Fundi anachomoa kipande cha waya mfukoni, anavua ngozi kwa meno, anasokota, anazungusha tepu nyeusi, anakwambia "washa." Gari inawaka. Dakika 20. Unalipa, mnagongana tano, unaenda.

Msimamo wangu, na sitaupunguza: waya ya ignishen ni kitu cha usalama, daraja moja na breki na usukani. Ukiigusa kienyeji, itakulipa kwa njia mbili. Itazima injini mahali ambapo hukupaswa kuzima, ama itashika moto mahali umekalia. Na gari za zamani ndizo zinaumia zaidi, halafu tukiulizwa tunasema, "Ah, hiyo gari imezeeka tu." Sawa, imezeeka. Lakini uzee peke yake haujawahi kuchoma zulia.

Saa kumi na moja asubuhi, na ukungu

Nyumbani tuna pikapu ya Peugeot 504, ya petroli. Inatoa kabichi na viazi Njabini kuleta Marikiti. Mathe ndiye mwenye biashara, anko ndiye dereva, mimi ni mbebaji na mpiga video. Kwa wadogo wangu ambao hawajui hii gari: 504 ilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Hii yetu haijashinda kitu isipokuwa karo. Imesomesha watu watatu, na mimi ni mmoja wao.

Mwaka jana wezi walianza kuzunguka kwetu usiku. Jirani akapoteza gari. Tukaamua tuweke katauti, tuifiche chini ya kiti. Fundi wa kando ya barabara akaifanya mchana mmoja. Ikafanya kazi vizuri wiki mbili.

Wiki ya tatu, tumetoka alfajiri, tumebeba mzigo kamili, tukaingia barabara kuu pale Flyover tukielekea Uplands. Anayejua hiyo barabara saa hizo anajua ukungu wake. Huoni mita 20 mbele. Nyuma yako kuna matreila yanayotoka Naivasha, na hayana haraka ya kusimama.

Mathe alikuwa amekaa katikati. Akasema, "Kuna kitu kinanichoma miguu." Anko akacheka, akamwambia ni hita. Hiyo gari hita yake ilikufa nikiwa darasa la tano.

Halafu harufu. Ile harufu ya plastiki, ukishaisikia mara moja hutaisahau. Halafu moshi kutoka chini ya zulia. Halafu injini ikazima, kimya kabisa, kwa mteremko, kwa ukungu. Anko akakanyaga breki, mara ya kwanza ikashika, ya pili ikashika kidogo, ya tatu kanyagio likawa gumu kama jiwe, kwa sababu breki za servo zinasaidiwa na mvuto wa hewa ya injini, na injini ikizima ule msaada unaisha ukikanyaga mara chache. Akavuta breki ya mkono, akatusukuma kando kwa majani. Treila ikapita hapo tulipokuwa, na honi yake ilikuja baada ya yenyewe kupita.

Nilifungua boneti nikang'oa kichwa cha betri kwa mkono, kwa bahati hakikuwa kimekazwa. Anko akamtoa mathe. Mimi nikakimbia nyuma na laifseva, zile pembetatu nyekundu, nikazipanga nikiomba dereva anayekuja azione. Hatukufa. Kiatu kimoja cha mathe kiliyeyuka soli. Hiyo ndiyo hasara yote, ukitoa kabichi zilizochelewa soko.

Nimekuwa nikifikiria hicho kiatu kwa miezi.

Kilichokuwa chini ya zulia

Tulivuta gari hadi Kariobangi Light Industries kwa mzee mmoja fundi wa waya ambaye ameanza kunifunza kazi. Hakusema kitu. Aliinua zulia, akaniita, akasema, "Kijana, soma."

Nikasoma. Fundi wa kwanza alikuwa amekata waya inayotoka kwa swichi ya ufunguo kwenda kwa koili. Akairefusha kwa waya ya spika, ile nyembamba ya nyekundu na nyeusi, akaipeleka hadi chini ya kiti kwa ile swichi ya siri, akairudisha mbele. Ili afike kwa injini, akaipitisha kwa tundu la bodi, ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu yenu. Tundu halikuwa na raba. Makali ya chuma, mtikisiko wa barabara ya Njabini, wiki mbili. Chuma kikala ngozi ya waya, waya ya moto ikagusa bodi. Hiyo inaitwa shoti.

Hapo ndipo watu wengi hawaelewi ubaya wa gari za zamani. Kwa gari nyingi za enzi hizo, waya ya kutoka betri hadi swichi ya ufunguo, na ya kutoka swichi hadi koili, haina fyuzi kabisa. Watengenezaji waliona ni afadhali injini isizimwe na fyuzi ya kubabaisha. Lakini wao waliweka waya nene, wakaipanga mbali na makali, wakaifunga kwa bunda moja na zingine. Ukiirefusha wewe, umeirefusha bila hiyo heshima yote, na bila fyuzi.

Piga hesabu. Waya ya shaba ya milimita mraba 0.5, urefu mita 3, ina upinzani wa kama omu 0.1. Volti 12 ikigawanywa kwa omu 0.1, karatasi inasema ampea 120. Barabarani haifiki hapo kwa sababu kuna vizuizi vingine njiani, lakini hata nusu yake ni balaa kwa waya ambayo kazi yake ilikuwa kupiga muziki. Waya yote inageuka kuwa koili ya hita. Na ilikuwa imelazwa chini ya miguu ya mamangu.

Fyuzi ya ampea 15 ingekatika mara moja, kabla ile plastiki haijapata hata joto. Injini ingezima, ndio. Moto haungekuwa.

Sasa ile sehemu yangu

Nilikuwa nimeandika video nzima kichwani ya kumtukana yule fundi. Nilikuwa na kichwa cha video tayari. Halafu nikakumbuka mazungumzo yetu siku ile.

Alikuwa amesema elfu mbili. Nilimuuliza kwa nini elfu mbili kwa waya tu. Akasema, "Ndani nimeweka waya ya gari, fyuzi na kibebeo chake, na bomba la plastiki la kupitishia." Nikamwambia, "Fundi, wacha hizo, hii ni Peugeot ya zamani, si Prado. Fanya mia nane." Tukabishana. Akakubali mia nane.

Nilifikiri nimempunguzia faida. Sikumpunguzia faida hata shilingi moja. Alitoa fyuzi, akatoa bomba, akatoa waya nzuri, akaweka ya spika. Alifanya kazi ya mia nane. Mimi ndiye nililipia ule moto, nikaununua kwa bei ya jioni moja ya nyama choma, na nikaenda nyumbani nikijisifu kwa mathe.

Sasa, simtetei. Fundi mwenye msimamo angesema hapana, kama vile daktari hawezi kukushona nusu kidonda kwa sababu una nusu ya pesa. Kuna kazi hazina bei ya chini. Lakini hii tabia yetu ya kujadili bei ya usalama kama tunajadili bei ya nyanya ndiyo inalea hizi kazi. Ukimbana fundi kwa bei, anapunguza vitu ambavyo hutaviona. Na kwa waya, karibu kila kitu cha maana hakionekani.

Uongo wa tepu nyeusi

Wengine mtasema, "Mimi sikutumia waya ya spika, nilisokota waya nzuri na tepu." Poa. Tuongee kuhusu kusokota.

Koili ya gari ya pointi inavuta kama ampea 4. Kiungo kilichosokotwa kikiwa kipya kinapitisha moto vizuri, ndio maana gari inawaka na wewe unalipa. Halafu mtikisiko unakilegeza, unyevu unaingia, shaba inafanya kutu ya kijani, gundi ya tepu inayeyuka na joto la injini na tepu inafunguka kama bandeji ya juzi. Sema upinzani wa hicho kiungo umefika nusu omu. Ampea 4 mara nusu omu, umepoteza volti 2. Na joto la hapo, 4 mara 4 mara nusu, ni wati 8. Balbu ya namba pleti ni wati 5. Washa hiyo balbu dakika tano, halafu ishike. Sasa weka zaidi ya hiyo ndani ya tepu, ndani ya bunda la waya zenye ngozi iliyokauka miaka 30.

Na zile volti 2 si za kudharau. Stata ikizunguka asubuhi ya baridi, betri inaweza kushuka hadi volti 10. Toa 2 za kiungo chako. Koili inabaki na 8, cheche inakuwa dhaifu, gari inakataa kuwaka. Unabadilisha plagi. Unabadilisha kondensa. Unabadilisha pointi, unabadilisha koili. Unatumia elfu nane kukimbia tatizo la kiungo kimoja. Najua watu wameuza gari kwa sababu ya kiungo kimoja.

Kazi safi inakaa hivi

Sitaki kulalamika tu halafu niende. Hii ndiyo kazi yule mzee alinifanyisha kwa mikono yangu, na ndiyo unapaswa kudai, hata kama huifanyi mwenyewe.

1. Betri kwanza. Toa kichwa cha hasi kabla hujagusa kitu. Fundi anayefanya kazi kwa waya ya ignishen betri ikiwa imefungwa, mwambie ahsante, ondoka.

2. Piga picha, weka alama. Swichi ya ufunguo ina waya kadhaa: ya kuingiza moto kutoka betri, ya redio na vitu vidogo, ya ignishen, na ya stata. Rangi kwa gari ya zamani zimefifia na zimebadilishwa na watu kumi kabla yako. Usiamini rangi. Pima, andika namba kwa kipande cha karatasi, bandika. Halafu refusha moja, maliza, nenda kwa nyingine. Ukikata zote pamoja utajuta.

3. Unene uleule au zaidi. Kamwe usiende chini. Iwe waya ya gari, ya shaba, yenye nyuzi nyingi ndogo. Waya ya stima ya nyumba ina uzi mmoja mgumu, ikitikisika inakatika ndani na ngozi inabaki nzima, utaitafuta hadi uzeeke. Na angalia usiuziwe ile ya aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Kwaruza kwa kisu, ndani ikiwa nyeupe, irudishe.

4. Kiungo kibanwe au kilehemiwe. Kubana ni kwa tamino na koleo yake, si kwa meno ya pilaizi. Ukilehemu kwa risasi ya bati, shikilia waya pande zote mbili za kiungo isije ikatikisikia hapo na kukatika. Juu vaa mrija wa plastiki ule unaonywea ukipashwa joto. Ukivuta kwa nguvu, kisiachie. Kama kuna viungo vinne kwa bunda moja, vipishanishe, kisikae kimoja kando ya kingine.

5. Fyuzi iwe karibu kabisa na mahali moto unatoka. Fyuzi inalinda waya, na waya iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi. Ukiiweka mwisho wa safari, karibu na koili, umelinda sentimita kumi na kuacha mita tatu uchi.

6. Kama unahamisha swichi mbali, tumia rilei. Rilei ya kawaida ya gari inahitaji chini ya robo ya ampea kuiwasha. Kwa hivyo zile mita ndefu za kwenda kwa swichi na kurudi zinabeba mkondo mdogo tu, na mzigo mkubwa unapita njia fupi: betri, fyuzi, rilei, koili. Mguu wa 30 unapokea moto kutoka fyuzi, 87 unaenda kwa mzigo, 85 na 86 ni za kuiamsha, moja kutoka swichi na nyingine kwa athi. Na hiyo athi iende kwa chuma kisafi, si kwa rangi.

7. Njia. Mbali na ekzosi. Mbali na mti wa usukani na makanyagio. Kila tundu la chuma liwe na raba. Ndani ya bomba la plastiki la mikunjo, ifungwe kila baada ya sentimita 20 au 30, na iachwe ikilegea kidogo pale inapovuka kutoka bodi kwenda kwa injini, kwa sababu injini inacheza na bodi haichezi.

8. Usiruke rezista. Gari nyingi za pointi zina kale kauri keupe kando ya koili, ama waya maalum ya upinzani ndani ya bunda. Koili ya omu 1.5 ikiwa na rezista ya omu 1.5 inavuta ampea 4. Ukiiondoa "kwa sababu inapoteza moto," inavuta 8, pointi zinaungua, koili inachemka. Na ukikata ile waya ya upinzani ukaweka waya ya kawaida, umefanya kosa hilohilo bila kujua.

9. Kufuli ya usukani. Ukihamisha swichi kwa dashibodi na kuacha kufuli ya zamani kwa usukani bila ufunguo, hakikisha ile pini ya kufunga imetolewa kabisa. Hutaki ishuke ukiwa kwa kona.

10. Pima kabla ya kulipa. Ufunguo ukiwa umewashwa, pointi zimefunga, kwa sekunde chache tu ili usichemshe koili: mguu mmoja wa multimita kwa betri chanya, mwingine pale moto unaingia kwa rezista. Ukiona zaidi ya nusu volti, kuna mahali pabaya, tafuta. Halafu endesha dakika 20, rudi, gusa kila kiungo kwa kidole. Kiungo kizuri kina joto la mahali kilipo, basi.

Hiyo kazi yote, na rilei, ilinigharimu elfu tatu na mia tano na Jumamosi moja. Mia nane ilinigharimu zaidi.

Katauti: kama lazima ikose, ikose ukiwa umeegesha

Hapa ndipo nitagombana na wengi. Katauti nyingi, na traka nyingi zenye uwezo wa kuzima gari, zinafungwa kwa waya ya ignishen. Hiyo inamaanisha umechukua ile waya moja inayofanya injini iendelee kuzunguka ukiwa barabara kuu, ukaikata katikati, ukaiweka kwa swichi ya bei rahisi au kiungo alichofanya kijana akiharakisha gari la saba siku hiyo. Siku swichi ikichoka, itachoka ukienda.

Mzee alinionyesha njia nyingine: katauti ifungwe kwa waya ndogo ya kuamsha stata. Mwizi akizungusha ufunguo, kimya. Na siku kifaa chenyewe kikiharibika, gari inakataa kuwaka hapo nyumbani, unapiga simu, unachelewa, unakasirika, lakini uko hai.

Najua utasema: gari ya manual inasukumwa, wezi wakiwa wanne wataiwasha. Kweli kabisa. Kwa hivyo ongeza kufuli ya chuma ya usukani, ama swichi ya kukata betri unayoizima ukiegesha. Lakini usiniambie eti ili mwizi asiende na gari, mathe wangu lazima aendeshwe na waya inayoweza kukatika kwa ukungu. Hiyo biashara siitaki.

Na nyinyi mnaoweka traka kwa niaba ya wakopeshaji: mnakata waya ya mtu, mnaficha kiungo nyuma ya dashibodi, mnafunga, mnampa risiti. Mpigeni picha ya kila kiungo mmpe mwenye gari. Kama kazi ni safi, mnaogopa nini?

Majibu kabla hamjaniuliza

"Jua kali ndiyo imetufikisha hapa, unawadharau mafundi." Hapana. Yule aliyenifunza ni jua kali hadi kwenye kucha. Alipata cheti chake cha NITA akiwa tayari na miaka mingi kazini, kwa kufanyiwa mtihani wa mikono, si kwa kukaa darasani. Nampinga fundi anayejua kazi safi na kukubali kufanya chafu. Na nampinga mteja anayemlipa afanye hivyo. Nilikuwa huyo mteja.

"Gari yenyewe ni ya laki moja, niweke waya ya elfu tatu?" Ndugu, kwani wewe ni wa bei gani? Na hao umebeba?

"Nunua gari mpya." Na nani? Sheria inazuia kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hivyo hizi za pointi na kabureta zilizobaki ziko nasi tangu zamani, zimepitia mikono ishirini, na ndizo zinaleta chakula mjini. Haziondoki kesho. Basi tuzitunze kama vitu tunavyotegemea.

"Polisi na wakaguzi wanafanya nini?" Mimi nimesimamishwa mara nyingi. Nimeulizwa leseni, bima, laifseva, matairi. Hakuna siku mtu ameinua zulia langu. Na sidhani ataliinua. Kwa hivyo liinue wewe.

Fanya hivi leo jioni. Chukua tochi ya simu, lala chini ya dashibodi, ufunguo ukiwa mfukoni. Tafuta tepu nyeusi. Tafuta waya yenye rangi ambayo haifanani na zingine. Tafuta mahali waya inapita kwa tundu lisilo na raba. Ukipata hata moja, hiyo si shida ndogo. Mpelekee fundi wako, mwambie uko tayari kulipa bei kamili, na ukae hapo uangalie akifanya.

Mathe bado anaenda Marikiti na ile 504. Bado anakaa katikati. Lakini siku hizi kabla hatujatoka ananiuliza, "Umeangalia waya?" Na kabla sijajibu, anainua zulia mwenyewe.